Siku Niliyosema Nami Nasikia

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Kasulo, huku Katanga, sakafu ilisikilizwa kuliko redio. Ukipita kwa jirani saa sita mchana, ungeweza kumkuta mama mzima amelala kifudifudi juu ya saruji, sikio chini, shavu limejaa vumbi, na hakuna ambaye angemcheka. Ilikuwa miaka ile watu walipogundua kwamba nyumba zao zimekaa juu ya madini ya kobalti. Kila mtu alianza kuchimba ndani ya kiwanja chake, wengine ndani ya sebule, na kila mtu alitaka kujua kama jirani hajapenya chini kwa chini mpaka chini ya kitanda chake.

Nasema haya mapema ili mtu asituone wapumbavu kuliko tulivyokuwa. Mahali pengine, msichana akisema kuna watu wanaongea chini ya nyumba, watu wanaelewa mara moja kwamba anaumwa. Kwetu, chini ya nyumba kulikuwa na watu kweli.

Msichana huyo alikuwa dada yangu Kapinga. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa, na alibakiza mwaka mmoja tu amalize sekondari, upande wa ualimu. Alikuwa amenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa maandishi ya magunia ya unga. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku, na nilimfuata kila alikokwenda, sokoni, kisimani, kwenye kwaya, hadi akanipa jina la Mukia. Jina langu ni Ngalula, lakini kwake nilikuwa mkia wake, na nililipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Nyumbani tulikuwa watano. Tata, yaani baba, mama, sisi wawili, na Kaku, mama mzazi wa tata. Kaku alikuja Katanga akiwa bibi arusi, akimfuata mumewe aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Mume alikufa, mgodi ukamsahau, yeye akabaki na mgongo uliopinda na sheria moja aliyoisimamia kuliko amri kumi.

"Kama unasikia jina yako na hauone mutu mwenye kuita, usiitike," alituambia. "Nyamaza. Ikiita tena, toka inje, uone na macho yako."

Kwa Kaku, wale wanaoita bila kuonekana walikuwa bakishi, yaani watu waliotangulia, na si wote walikuwa wamelala kwa amani. Walikuwa wakijaribu majina ya watu kama mtu anavyojaribu funguo. Ukiitika, umewafungulia. Mashimo yalipoanza mtaani, akaongeza onyo la pili, na hilo alilisema akimtazama mwanawe usoni: "Shimo ya ndani ya nyumba itaomba mutu. Haitaomba kuku." Tata alicheka. Alikuwa bado hajachimba, lakini sote tulijua kwamba alikuwa anatafuta sababu.

Kapinga alianza kubadilika kiangazi kile, pole pole, kiasi kwamba leo siwezi kusema ilikuwa siku gani. Nakumbuka ufagio. Alikuwa anafagia uani, akasimama katikati, ufagio mkononi, na nilipotoka kunywa maji na kurudi alikuwa bado amesimama vilevile. Nakumbuka aliacha kwaya bila kueleza, na rafiki zake walipokuja kumwulizia alijifungia ndani. Nakumbuka siku alipomwuliza mama kwa nini mtangazaji wa redio amemtaja yeye na daftari lake. Mama alicheka, akidhani ni utani. Kapinga hakucheka.

Halafu ikaja siku ya "eyo". Tulikuwa chumbani kwetu, mimi na yeye, mchana, yeye akisuka nywele zangu. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa vikwangurio vya jirani. Ghafla mikono yake ikasimama kichwani mwangu na akaitika kwa sauti wazi, kwa lugha ya nyumbani, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake: "Eyo!"

"Nani alikuita?" nikamwuliza.

"Haukusikia?"

Kaku alikuwa mlangoni na ungo wa mihogo. Ungo ulimponyoka. "Kapinga," akasema, "umeitika?" Kapinga akatabasamu, lakini si kwetu. Mihogo ilikuwa imetapakaa sakafuni na hakuna aliyeinama kuiokota.

Siku chache baadaye tata alirudi kutoka kazini akamkuta Kapinga amelala juu ya saruji ya chumba chetu, sikio chini, machozi yakimtoka.

"Juu ya nini unalala pa chini?" akamwuliza sababu.

"Kuko bantu, tata. Banaongea tangu asubui. Banajua majina yetu yote."

Nilimwona tata akikasirika, na hasira yake ilikuwa na furaha ndani yake. Hakuwafikiria bakishi. Alimfikiria jirani. "Bamefika chini ya nyumba yangu," akasema. Akapiga magoti, akaweka sikio, akasikiliza muda mrefu. Akahama, akasikiliza tena karibu na ukuta. Akainuka akipangusa shavu. "Mi sisikie kitu. Ngalula, kuya hapa. Weye masikio yako ingali mapya."

Nililala kifudifudi karibu na yaya. Saruji ilikuwa baridi na ilinuka maji ya sabuni. Nyuso zetu zilikuwa zinatazamana, pua karibu na pua. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, nikasikia moyo wangu tu ukidunda sikioni. Hakukuwa na kitu kingine, nisiwadanganye, nimeshawadanganya watu vya kutosha. Lakini macho ya Kapinga yalikuwa yananitazama kwa namna ambayo hayajanitazama tena tangu hapo. Yalikuwa yananiomba. Mtu huwa anatazama hivyo anapozama.

"Unasikia?" tata akauliza.

"Nasikia."

"Banasema nini?"

"Banaita yaya."

Kapinga alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono. Nilijisikia nimefanya jambo kubwa na zuri. Kesho yake tata alileta mtaimbo na kuvunja sakafu ya chumba chetu.

Kama wangechimba wakakuta udongo mtupu, hadithi hii ingekuwa fupi. Walikuta jiwe jeusi la kobalti, lile linaloacha masizi vidoleni, kabla shimo halijafikia kina cha watu watatu waliosimama mmoja juu ya mwingine. Hakukuwa na handaki la jirani. Hakukuwa na mtu yeyote chini. Kwa tata, maana yake ikawa moja tu: walioita walikuwa na nia njema, na walikuwa wamemchagua binti yake. Wiki hiyohiyo alikuja PDG, ndivyo tunavyomwita mkuu wa timu ya wachimbaji, mtu mwenye kofia ya manyoya hata kwenye joto, akaleta vijana wake. Kwa kawaida mwanamke hakaribishwi kwenye mdomo wa shimo, wanasema madini hukimbia. Kapinga akawekewa kiti palepale, akafungwa kitambaa cheupe kichwani, na kila asubuhi vijana walimwuliza waelekee wapi kabla hawajashuka.

Jambo lisilonitoka kichwani hadi leo ni jinsi kila dalili ilivyopata maelezo yake. Alipoacha kuoga, PDG alisema bakishi hawapendi sabuni. Alipoanza kukataa chakula, akinong'ona kwamba mama ametia kitu ndani ya bukari, ugali wetu, ikasemwa anafunga kwa ajili ya shimo, na mama akaondoka mezani akilia. Aliposema watu wanasoma mawazo yake kabla hajayamaliza, ikawa ni ushahidi. Alipocheka peke yake, wachimbaji walicheka naye kwa heshima. Uso wake uliokuwa na vituko vyote ukawa mtupu, haukuonyesha tena furaha wala hasira, na wakasema hivyo ndivyo uso wa mtu mtakatifu unavyokuwa. Alikuwa anaangamia mbele yetu, na kila mtu alimshukuru.

Maneno yake yakaanza kukatika. Angeanza na ngazi, aende kwa chumvi, arudi kwa mlango. Hakuna aliyemwelewa, na ndipo nilipopata kazi. Kwa kuwa na mimi nilisikia, nikawa mtafsiri wake. Yeye alisema, mimi nikaeleza. Mchimbaji mmoja kijana, Trezo, aliyetoka Mbujimayi na aliyekuwa anaimba akishuka na kuimba akipanda, akaniita Mama Masikio. "Mama Masikio, leo banasema nini?" angeniuliza, akinipa biskuti. Nami ningetafuna kwanza, nikimtazama kwa madaha, kabla ya kusema kushoto au kulia. Kwa kawaida nilisema walikokwenda jana, kwa sababu jana walirudi salama.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa anaona mtoto wake. Siku moja aliniita jikoni, akafunga mlango, akapiga magoti ili uso wake uwe sawa na wangu. Mikono yake ilinuka sombe, majani ya muhogo.

"Ngalula, uniambie kweli. Mi nataka kupeleka yaya yako pa hospitali. Tata anakataa, anasema madini itapotea. Anasema kama ingekuwa magonjwa, weye haungesikia. Kama unasema haunasikia, kesho ninamupeleka, hata atanifukuza. Unasikia?"

Sijawahi kupewa nafasi nzuri kuliko ile. Nilijua jibu. Lakini nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa Mama Masikio, wanaume wenye ndevu walikuwa wananingoja niseme ndipo washuke. Nilifikiri pia, na hili nalisema si kwa kujitetea, kwamba nikikana nitamwacha yaya peke yake na wale watu.

"Nasikia, mama," nikasema. Akainuka akageukia sufuria.

Mvua za kwanza zilikuja. Asubuhi moja Kapinga alikuwa mbaya kuliko siku zote. Alijikunyata kwenye kiti akikwaruza mkono wake na kusema, "Funga. Chumvi inatazama. Funga, funga." Sitaki mtu anielewe vibaya. Hakuwa anatabiri. Alisema "funga" kwa kila kitu siku zile, kwa sufuria, kwa dirisha, kwa midomo yetu. Lakini mtafsiri mwaminifu angesema alichosikia. Vijana walikuwa wamesimama na taa vichwani, Trezo alikuwa tayari ameshika kamba, na mimi nilikuwa nachelewa shuleni.

"Banasema nini, Mama Masikio?"

"Kushoto," nikasema. "Kama jana."

Nilikuwa darasani walipokuja kuniita. Udongo wa kushoto ulikuwa umelowa na haukuwa na nguzo hata moja. Walimtoa Trezo alasiri, wakamlaza uani kwetu, wakamfunika kitambaa cheupe, kile cha kichwani kwa Kapinga, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Wenzake wawili walitoka wazima. PDG alivua kofia yake ya manyoya kwa mara ya kwanza, nikamwona ana upara. Akamwuliza tata, akimwonyesha Kapinga kwa kidole: "Huyu alisema kushoto?"

Tata akanitazama. Wote wakanitazama. Nikanyamaza. Kutoka siku ile, Kapinga akawa ndiye aliyesema kushoto.

Kaku alikuwa ameketi kizingitini. "Nilisema itaomba mutu," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akamtazama mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa anacheka kimya mbele ya maiti bila kujua anacheka, na akaongeza: "Imeomba bantu bawili."

Jana alikuwa mtakatifu, leo ni mlozi. Majirani waliokuwa wanamletea mayai walitupa mawe juu ya bati letu. Tata, kwa woga na kwa aibu, akamkabidhi kwenye chumba cha maombi cha mchungaji mmoja aliyesema anawatoa watu pepo. Walimfunga mnyororo mguuni, wakamnyima chakula ili pepo ashindwe na njaa. Nilitumwa kupeleka nguo. Nikachungulia dirishani. Mchungaji alikuwa ameshika fimbo ya mpera na alikuwa anauliza swali moja, akilirudia na fimbo.

"Nani mwingine anasikia? Mu nyumba yenu, nani mwingine? Taja jina!"

Kapinga aliinua kichwa akaniona dirishani. Nikajua sasa atasema, na mimi nitaingizwa ndani, nitafungwa mnyororo ule wa pili uliokuwa mtupu ukutani.

"Ni mi tu," akasema. "Ni mi moja tu." Fimbo ikaendelea.

Nilikimbia nikiwa na nguo zake mikononi. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alikuwa amechanganyikiwa, kwamba alikuwa amenisahau.

Mama ndiye aliyemtoa. Mguu ulikuwa umeoza pale pa mnyororo, na hakumwuliza mtu ruhusa, alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, msichana wa miaka ishirini mwepesi kuliko mimi. Muuguzi aliyesafisha kidonda alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeuliza maswali bila kuogopa majibu. Ilianza lini? Analala? Anasikia sauti wakati hakuna mtu? Anaona kama watu wanamfuatilia? Mama alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akishangaa, kama alivyoniambia baadaye, kwamba yule mwanamke alimjua binti yake bila kumwona kabla. Muuguzi akasema ni ugonjwa, una jina, na huwapata wengi katika umri uleule, wavulana na wasichana, wenye mashimo na wasio na mashimo. Akasema sauti hizo mgonjwa anazisikia kweli, hazungumzi uongo, ila hazitoki nje, zinatoka kwenye ubongo wake mwenyewe. Hakuna aliyemroga. Dawa inaweza kuzipunguza, lakini ni dawa ya kila siku, na ukiiacha zinarudi.

Jina lilikuwa skizofrenia. Mama aliliandika nyuma ya daftari la nyimbo, na kwa kuwa alilisikia kwa masikio yake ya Kiswahili, aliandika *sikizo-frenia*. Alifika nyumbani akaeleza kwa uhakika kabisa: "Ni magonjwa ya sikizo. Inakamata mutu mwenye anasikiza sana." Kwake neno lenyewe lilikuwa limeshasema kila kitu. Akanunua dawa, na juu ya dawa akaongeza pamba. Kila asubuhi alimziba Kapinga masikio. Siku ya tatu akaniita na mimi, akanitazama kwa macho yaliyochoka, akasema, "Hata weye ulikuwa unasikia," na akanitia pamba.

Ningeweza kusema. Lakini kusema wakati ule kulimaanisha kusema na habari za Trezo. Nilikwenda shuleni na pamba masikioni muhula mzima, nikapigwa kwa kutosikia imla.

Dawa zilifanya kazi, si kwa miujiza, kwa mwendo wa konokono. Alianza kulala. Akaanza kula, kwanza alichopika mwenyewe, kisha cha mama. Mikono ilimtetemeka, akanenepa, ualimu haukurudi. Tata alifukia shimo, akaenda Sandoa kulima, akatuma mahindi mara mbili, halafu kimya. Kaku alikufa. Sehemu ile ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kampuni ya madini, sisi tukahamia Manika, nyumba ndogo karibu na soko. Nikajifunza kushona. Sasa nashona sare za shule.

Mara tatu katika miaka hii Kapinga alirudi kule alikotoka, akiongea na ukuta, akikataa maji. Kila mara mama alipokagua alikuta jambo lilelile. Ndani ya kopo la maziwa ya unga tunamowekea vifungo, chini kabisa, kulikuwa na nusu za vidonge, zimefungwa vizuri kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa anavunja kila kidonge katikati, anameza nusu, anaficha nusu. Muuguzi alisema wagonjwa wengi wanafanya hivyo, hawaamini kwamba wanaumwa, au sauti zinawakataza. Mama alilia, akafundishwa kumkagua mdomo. Alipofariki, mwaka juzi, kazi ya kumkagua mdomo ikawa yangu. Mdomo ulikuwa mtupu kila siku. Kopo sikulipekua tena mpaka chini, wala sikufikiria kwamba nusu nyingine haikuingia kabisa mdomoni.

Juma lililopita nilihitaji vifungo vyeupe vya shati. Nikapekua kopo. Karatasi zilikuwa pale, nyingi, za miezi.

Sikupiga kelele. Nilimkuta uani anakunja nguo, nikaziweka zile nusu za vidonge mezani mbele yake, karibu na chai yetu.

"Yaya, juu ya nini haumeze kinini yote? Unajua utagonjwa tena."

Aliniangalia kama mtu anayemwonea haya mgeni aliyeuliza jambo lililo wazi.

"Ile nusu haiko yangu," akasema. "Ni yako."

"Yangu?"

"Weye hauna doktere, Mukia. Mama alikupatia pamba tu." Akasukuma karatasi moja upande wangu. "Nilikuwa nakuwekea. Najua unakataa kusema juu ya haya. Hata kule kwa maombi, walipiga, sikukutaja. Meza."

Pikipiki za abiria zilikuwa zinapita barabarani, muuza maandazi alipita, na mimi nilikuwa nimeshika kingo za meza. Miaka yote ile. Nusu ya akili yake alikuwa ameniwekea akiba kwenye kopo la vifungo.

"Yaya," nikasema, "mi sisikie. Sikusikiaka hata siku moja."

"Hata siku ile, pa chini?"

"Hata siku ile. Nilisikia moyo yangu tu."

"Na ile ya Trezo?"

"Weye ulisema funga. Ni mi nilisema kushoto."

Nilingoja anipige, na ningefurahi angenipiga. Uso wake hauonyeshi mengi siku hizi, dawa na ugonjwa vimeugawana, lakini niliona kitu kikishuka ndani yake taratibu, na hakikuwa hasira. Alikuwa na mwenzake kwa miaka yote ile, mahali pale ambapo hakuna mwingine anayefika, na sasa mwenzake alikuwa ametoka.

"Basi nilikuwa mi moja," akasema.

"Ndiyo, yaya."

Akaichukua ile nusu, akaitazama, akaitia mdomoni mwake, akanywa chai juu yake. Hakunikagua, na mimi sikumkagua.

Kaku alituonya tusiitike sauti tusizoziona. Nimelifikiria onyo lake nikiwa kwenye cherehani, na naona lilitimia, ila kwa watu ambao hakuwataja. Kapinga aliitwa kweli, kwa jina lake, na ugonjwa ambao hauhitaji idhini ya mtu, angefanyaje asiitike? Tata aliitika. PDG aliitika. Mimi niliitika kwa jina ambalo halikuwa langu, nikajibu kwa niaba ya mtu asiyenituma, na kijana aliyekuwa anaimba akashuka.

Siku hizi Kapinga ananiuliza. Muuguzi anasema ni vizuri, nimjibu ukweli, nisibishane naye wala nisijifanye. "Mukia, unasikia?" Mara nyingine ni kweli, nasema ndiyo yaya, ni mtoto wa jirani, ni mvua kwenye bati, na uso wake unalegea. Mara nyingine nainua mguu kutoka kwenye cherehani, gurudumu linasimama, nasikiliza kwa uaminifu mpaka nihakikishe.

"Hapana, yaya. Hii mi sisikie."

Anatikisa kichwa, anarudi kukunja nguo, na namwona anavyobaki peke yake na wale watu.